Macho ya Mujomba na Maji ya Chuma

Katika mji wetu wa Butembo, fundi wa soudure, kazi ya kuchomelea vyuma, anapimwa kwa cheche. Akiwasha, cheche zikaruka mpaka barabarani na wamama wakaruka nazo wakishika vikwembe vyao, basi huyo ni fundi kweli. Akifanya kazi kimya, bageti, ile fimbo ya kuchomelea, ikayeyuka polepole bila kusumbua mtu, wanasema mashine yake haina nguvu. Kipimo cha pili ni kiganja. Mteja anapitisha kiganja juu ya kiungo, na kama hakikukwama mahali, anaondoka anacheka. Ndani ya kiungo kuna nini, hiyo haimhusu.

Mujomba wangu, kaka ya mama, alikuwa na vyote viwili, cheche na ulaini. Mageti yake yamesimama mbele ya nyumba za wafanyabiashara wenye majina, kila geti na simba wawili wa bati ambao, nisamehewe, wanafanana na mbwa walioshiba. Sijawahi kusikia kwamba simba amefika kwenye mtaa wa mtu pale Butembo. Mais, yaani lakini, kila tajiri anamtaka, na anamtaka akiwa amefungua mdomo. Mujomba alikuwa anawatengeneza bila kuuliza maswali.

Mimi nilifika kwake kutoka upande wa Beni. Tulikuwa na shamba la kakao karibu na Mangina, na kwa sababu ya mambo ya kule, ya bunduki za usiku, ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayependa kuyasimulia, shamba likabaki kule na sisi tukawa huku. Mdogo wangu wa kiume akapata pikipiki, akaanza kubeba samaki kutoka Kyavinyonge, kule ziwani, kuwaleta sokoni Butembo. Mimi nikaambiwa niuze mafuta ya mawese kama wanawake wengine. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Mais sina moyo wa kumbembeleza mtu anayechovya kidole kwenye mafuta yangu, analamba, anakunja uso, halafu anakwenda kulamba kwa jirani. Siku moja nilimkamata mteja kile kidole na nusura nikivunje. Familia ikakaa kikao, ikaamua nipelekwe mahali ambapo hasira yangu itapiga chuma, si watu.

“Mwanamuke mu ateliye,” mujomba akasema, akitazama karakana yake. “Bon. Atafagia.”

Nilifagia. Nilishika bomba wakati yeye anapima, nilikwenda kununua rangi, nilisukuma watoto wasitazame moto. Mwishowe alichoka na maswali yangu, akanipa pensi, yaani ile koleo inayoshika bageti, akanionyesha kazi. Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya masikio.

“Sikiliza, mwipwa. Ikilia sawa samaki ya makayabo mu mafuta ya moto, ni muzuri. Ikilia pa, pa, pa, uko mbali. Ikinyamaza, imekwama.”

“Na macho, mujomba?”

“Macho ya nini? Ule moto utakuona weye mbele ya weye kuuona.”

Yeye alifanya kazi na lunete nyeusi za jua, yaani miwani, zile wanazovaa wanamuziki wakitaka kuonekana wamechoka na umaarufu. Mafundi wengi wa mtaa walikuwa hivyo hivyo. Akanipa na mimi zangu. Nilichomelea siku nzima nikijiona mrembo, na jioni macho yangu yakajaa mchanga ambao haukuwepo. Yoo, mama! Sikuweza kufungua wala kufunga. Wakaniwekea vipande vya viazi. Halafu mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaitwa aje kunidondoshea maziwa machoni, ndiyo dawa ya mtaa kwa ugonjwa huu. Akaja na mtoto wake. Mtoto akalia kwa wivu, mimi nikalia kwa maumivu, na majirani wakasimama mlangoni kutoa maoni.

Nilipopona nikaapa kwamba sitagusa tena bageti bila maske ya kweli. Mdogo wangu akaniletea moja kutoka Kasindi, mpakani, nyeusi, kubwa, yenye dirisha la kioo cha giza. Mtaa mzima ulicheka. Walisema nimejivika sufuria. Mujomba naye alicheka, akasema maske ni ya wazungu wenye ngozi laini.

Sasa nieleze kilichokuwa ndani ya ile sufuria, maana hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka.

Mwanzoni unaona nuru tu, na unaifuata. Wengi wanabaki hapo mpaka uzee. Mimi pia nilibaki hapo muda mrefu, naburuza nuru kutoka mwanzo wa bomba mpaka mwisho, halafu ninashangaa kwa nini vipande vinaachana nikivitikisa. Lakini siku moja, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa, niliacha kutazama nuru nikatazama nyuma yake kidogo. Kumbe kulikuwa na kitu! Kadimbwi ka chuma kilichoyeyuka, kadogo kama ukucha wa kidole gumba, kanang'aa, kanatetemeka, kana ukingo wake. Nyuma yake unaelea uchafu wa bageti, mzito, wenye giza kidogo, unakafuata kama utando juu ya chai ya maziwa. Siku zote zile nilikuwa nauchunga ule uchafu nikidhani ndio chuma. Nilizima mashine nikakaa chini. Nilijionea huruma na nilijicheka kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo nikaanza kukasoma. Kakichongoka, unakimbia mno. Kakivimba na kukaa juu kama bonge la ugali kwenye sahani, basi chuma cha chini bado ni baridi, kameketi tu, hakajaingia. Kakila ukingo mmoja na kuuacha mwingine, umeinamisha bageti vibaya. Kakititia katikati na kupanuka ghafla, toa mkono haraka, bomba ni jembamba, unakaribia kulitoboa. Na uchafu ukitangulia mbele ya chuma, hapo simama kabisa, maana unazika takataka ndani ya kiungo na juu patakuwa pazuri mno. Hayo yote kanakuambia wakati unaendelea, kama una subira ya kukatazama na si kutazama watu wanaokutazama.

Nilikapenda kale kadimbwi. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya maske, na nashukuru hakuna aliyeniona, wangeniita kichaa juu ya mengine yote. Mkono wangu ulikuwa bado haujatulia, hasa kwenye mabomba membamba, mais macho yalikuwa yamefunguka.

Tabu ya macho kufunguka ni kwamba hayachagui. Nikaanza kuona kazi ya mujomba. Cheche zilikuwa nyingi kama kawaida, makayabo yalilia vizuri kabisa kwenye mafuta, na kadimbwi kalikuwa kanatembea pembeni ya kiungo, kwenye bomba la chini peke yake, wakati bomba la juu liko salama kama lilivyotoka dukani. Halafu anapiga uchafu, anasaga kwa mashine mpaka panalala, anajaza mastiki ya kuziba mashimo, anapaka rangi. Mteja anapitisha kiganja. “Wasingya, fundi, wasingya!” Wanashukuru kwa Kinande chetu na wanaondoka, simba, geti, mastiki na wote.

Nikaona na mengine. Kabla ya kuwasha, mujomba alikuwa anatafuta kiungo kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Aliniomba nyundo iliyokuwa karibu na mguu wake. Asubuhi moja aliingia ateliye akalisalimia koti lililotundikwa ukutani, kwa heshima zote: “Habari, papa.” Wateja wawili wakaanguka kwa kicheko, huyu fundi ana mizaha! Mujomba alicheka pia, lakini alicheka baada yao, na hapo nikaelewa. Lunete za jua zilikuwa zimemla macho kidogo kidogo, miaka yote ile ya cheche na sifa.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Aka! Kwetu kaka ya mama si mtu wa kusahihishwa mbele ya watu. Neno lake baya likimtoka juu yako, utalibeba. Na sisi sote nyumbani tulikula kwa jina lake. Tena mambo yenyewe yalikuwa mageti, na geti likianguka, watu wanacheka, halafu wanalisimamisha.

Lilianguka moja, kweli. Tajiri mmoja alifika nyumbani, akapiga honi, geti likafunguliwa na likaendelea kufunguka mpaka likalala uani, simba wake akitazama mbinguni. Mwenye nyumba hakumwita fundi. Alikiita kikundi cha maombi. Waliomba asubuhi yote, wakagundua kwamba ni wivu wa jirani, na jirani, mzee wa watu aliyekuwa amelala na homa, akatolewa kitandani kuapa kwamba hana ubaya na geti. Ndipo mujomba akaitwa. Alipapasa pale palipoachia, akatikisa kichwa.

“Chuma ni kizima,” akasema. “Hii ni wivu.”

Wakampa chakula. Nilirudi nyumbani nyuma yake nimebeba pensi, nikiuma midomo, sijui kama ni kwa kicheko au kwa hasira.

Halafu ikaja asubuhi ya pikipiki.

Mdogo wangu aliisukuma mpaka ateliye. Kiunzi chake kilikuwa kimepasuka chini ya kiti, pale ambapo mzigo wa nyuma unavuta. Siku hiyo hiyo alitakiwa kushuka Kyavinyonge, na kesho kupanda na samaki. Anayeijua ile njia anajua: unaacha milima ya baridi, unateremka mawe na kona mpaka joto la ziwa linakupiga usoni, na upande mmoja hakuna kitu cha kukuzuia. Mzigo ukiwa mgongoni na kiunzi kikikatika pale, si simba wa bati atakayelala akitazama mbinguni. Ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, na mke wake alikuwa na mimba.

Ateliye haikukosa watu. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa bureau ya serikali, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, anasubiri vyuma vya madirisha yake na kusema Kilingala na kila mtu, hata na wasiokijua. Na ng'ambo ya barabara alikuwa mama wa nyanya, muuzaji ambaye macho yake hayakuwahi kukosa jambo.

“Mwana na ngai, mwana wangu,” mkubwa akamwambia mdogo wangu, “fundi huyu ni kazi propre, safi. Hapana kuogopa.”

Mujomba akapapasa mpasuko kwa kidole, akawasha. Mimi nikashusha maske nikatazama juu ya bega lake. Sitaki kusema mengi. Kadimbwi kalikaa kwenye bomba la chini, kamevimba, kametulia, na uchafu ukatiririka kwenye mpasuko wenyewe ukalala humo. Bomba la juu halikuguswa. Masikio yangu yalisikia makayabo mazuri kabisa.

Akapiga, akasaga, akapaka rangi nyeusi. Mkubwa akapitisha kiganja. “Laini sawa shavu ya mutoto!” Mdogo wangu akacheka, akaanza kufunga matenga yake matupu.

Niliogopa. Nilimtazama mujomba, nikatazama watu, nikatazama mgongo wa mdogo wangu umeinama juu ya kamba, na ile hasira yangu ya mafuta ya mawese ikapanda. Nikachukua nyundo kubwa nikapiga kile kiungo. Kikaachia mara moja, rangi, mastiki na yote, tunaona barabara katikati yake.

Mama weee! Kelele zilizotokea hapo! Mdogo wangu akanishika mkono: “Yaya, dada yangu, unaniulia kazi?” Mkubwa akaeleza kwamba huko kwao inajulikana, mwanamke akikaribia chuma cha moto, chuma kinapoteza nguvu. Mama wa nyanya aliacha nyanya zake akavuka barabara, akanitazama kwenye macho kuona kama ni mimi.

“Ni mabageti,” mujomba akasema. “Iko na maji ndani.”

Nikamsogelea mpaka sikioni, nikamwambia kwa Kinande ili mkubwa asielewe: “Mabageti ni mazima, mujomba. Maji ya chuma hauyaone.”

Shavu lake lilicheza. Nilisubiri lile neno baya litoke, na nilikuwa tayari kulibeba.

“Na weye,” akauliza, sauti imekwenda chini kabisa, “unaona?”

“Ninaona.”

“Mukono yako ni muzuri mu bomba kama hii?”

“Hapana. Yako njo muzuri.”

“Basi uniambie.”

Tukapiga magoti wawili, yeye na pensi, mimi na maske karibu na shavu lake. Tulisafisha mpasuko mpaka chuma cheupe. Akawasha, na nikaanza kumsomea. Mwanzoni nilinong'ona, mais grupu, ile injini ya umeme, ilikuwa inaunguruma, na ikabidi nipige kelele.

“Iko chini! Panda! Panda tena! Sasa imegusa juu! Kaa hapo, kaa, inaingia… inaingia pande mbili! Uchafu unatangulia, simamisha bageti! Eeh, vile! Tembea polepole! Inatitia, inatitia, toka!”

Na yeye alitoka. Ule mkono, watu wangu! Nilisema neno na mkono ulikuwa umekwishafanya. Sijawahi kuona mkono namna ile, na nililia ndani ya maske, nasema wazi, kwa sababu ulikuwa mkono wa fundi mkubwa na ulikuwa umefanya kazi gizani muda wote huo bila mtu wa kuuambia njia.

Nilipoinua maske nikakuta mama wa nyanya amefumba macho na viganja vimeinuliwa. Mkubwa wa serikali alikuwa amevua kofia. Nyuma yao walikuwa wamekusanyika watu, na mmoja alikuwa anaimba kwa sauti ndogo. Mbele yao mwanamke alikuwa amepiga magoti na kulia na kupaza sauti juu ya chuma mpaka moto ukatoka. Kwa macho yao, hayo yalikuwa maombi, na maombi ya nguvu.

“Amina,” akasema mama wa nyanya.

Nilimpa mdogo wangu nyundo. Alipiga, akapiga tena, akapiga kwa hasira ya mtu ambaye siku yake imechelewa. Kiungo hakikujali. Mujomba akanyoosha mkono kutafuta mashine ya kusaga, kwa mazoea, na nikaisogeza mbali.

“Hapana kusaga,” nikasema.

“Mais ni mubaya,” mkubwa akalalamika. “Iko na mikunjo.”

“Mikunjo? Acha iwe.”

Mdogo wangu alisimama kando ya pikipiki, mkono kwenye usukani. Aliangalia kile kiungo kisicho na rangi, akamwangalia mujomba, kama anavyotakiwa mtoto wa dada.

“Mujomba, nishuke nayo?”

Watu wakasogea wasikie baraka. Mujomba alivua lunete zake. Sikuwa nimeyaona macho yake mchana kwa muda mrefu, yalikuwa na ukungu, mekundu pembeni, na hayakuwa yanamtazama yeyote.

“Miye sikuona kitu,” akasema. “Tangu zamani sione. Uliza yaya yako. Yeye njo aliona.”

Hapo nilidhani mbingu itaanguka. Wapi! Mkubwa alipiga mkono kwenye paja. “Voilà! Mutu wa kujishusha!” Mama wa nyanya akawaeleza waliokuwa nyuma kwamba fundi anamrudishia Mungu sifa, hataki kujipa kitu.

“Ninasema sione!” mujomba akapaza sauti. “Macho imekufa!”

“Amina!” wakaitikia wote.

Na mkubwa akasogea karibu nami, akaniomba kwa sauti ya heshima, vyuma vya madirisha yake navyo vifanywe kwa maombi, hata kama itachelewa kidogo. Mujomba alisimama katikati yao na lunete mkononi. Alikuwa amesema jambo gumu kuliko yote ya maisha yake, na walikuwa wanamshangilia.

Aliyesikia alikuwa mmoja. Mdogo wangu hakucheka wala kuitikia. Alimtazama mujomba usoni muda mrefu, halafu akageuka kwangu.

“Yaya?”

Nikapiga magoti tena. Nilipita kwa macho ukingo wa juu, halafu wa chini, nikapita tena, kwa sababu sasa ilikuwa ni mimi ninayeulizwa, hapakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Chuma kilikuwa kimeingia pande zote mbili.

“Enda,” nikamwambia. “Polepole mu kona. Na ukirudi, kuya hapa mbele ya kwenda soko, niitazame tena.”

Akafunga matenga, akawasha, akaondoka. Watu wakatawanyika wakisimuliana walichokiona, na kila mmoja alikuwa ameona zaidi ya mwenzake. Mujomba alitoka mpaka ukingo wa barabara, akasimama, uso umeelekea kwenye sauti ya pikipiki.

“Amefika wapi?” akauliza.

“Kwenye kona ya kanisa. Amesimama kidogo. Anatupungia mukono.”

Mujomba akainua mkono wake juu kabisa, akaupunga kwa nguvu, akitabasamu, upande wa ukuta wa duka la simu. Nikamshika kiwiko nikamgeuza taratibu mpaka akaelekea barabara, na aliendelea kupunga.

“Anakuona, mujomba,” nikamwambia.